Jua Haki Zako: "Hii ni Parodi" Humlinda Nani?

Gemu nyingi za watu wazima zinazotengenezwa na mashabiki hufunguka kwa maneno yanayokaribiana: hii ni parodi, wahusika ni mali ya kampuni fulani, mtengenezaji hana uhusiano na kampuni hiyo wala hana nia ya kukiuka hakimiliki. Maneno ya namna hii huitwa kanusho, na wapo wanaoyavaa kama hirizi. Kisheria uzito wake ni mdogo, na pale yanapokuwa na uzito, mara nyingi hujibu swali jingine, si lile linalomtia mtengenezaji hofu.

Parodi ni kuiga kazi inayojulikana ili kuikejeli au kuikosoa. Kwa kuwa majukwaa mengi yanayohifadhi gemu hizi yako chini ya sheria ya Marekani, huko ndiko kwa kuanzia. Kifungu cha 107 cha Sheria ya Hakimiliki ya nchi hiyo ya mwaka 1976 kinaruhusu matumizi ya haki bila idhini ya mwenye kazi. Mahakama hutazama madhumuni ya matumizi, aina ya kazi iliyoigwa, kiasi kilichochukuliwa na athari kwa soko la kazi hiyo. Kanusho halitajwi.

Kesi inayoongoza ni Campbell dhidi ya Acuff-Rose ya mwaka 1994. Kundi la rap la 2 Live Crew liliuimba kwa kejeli wimbo wa Roy Orbison, "Oh, Pretty Woman", baada ya kunyimwa ruhusa. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kwamba hata parodi inayouzwa inaweza kuwa matumizi ya haki, ila kejeli yenyewe sharti iiguse kazi iliyoigwa. Mwenye kumwazima mhusika maarufu ili avute wateja tu, au akwepe jasho la kubuni wa kwake, dai lake hulegea. Mahakama iliongeza jambo ambalo watengenezaji wengi hawalijui: parodi haihitaji kujitangaza kuwa parodi. Kama ipo, huonekana bila kibandiko, na kama haipo, kibandiko hakiiumbi.

Hapo ndipo gemu nyingi hukwama. Kumchukua mhusika wa katuni na kumweka katika matukio ya ngono, bila kusema lolote juu ya kazi alikotoka, si kejeli ya kazi hiyo. Ni kutumia umaarufu wake. Gemu inayochokoza mazoea ya hadithi ya asili, kwa mfano jinsi inavyomfanya binti mfalme kuwa zawadi ya kuokolewa kila mara, ina hoja ya kupeleka mahakamani. Nyingine ina picha tu.

Mwaka 1997 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Tisa ya Marekani ilikutana na kitabu kilichosimulia kesi ya mauaji ya O. J. Simpson kwa mtindo wa Dr. Seuss, mwandishi wa vitabu vya watoto. Jalada lake lilijiita parodi waziwazi. Mahakama ilikataa utetezi huo, kwa sababu kitabu kilitumia mtindo wa mwandishi kuzungumzia habari isiyomhusu. Mwaka 2020 mahakama hiyohiyo ilikataa utetezi wa kitabu kilichochanganya Dr. Seuss na Star Trek, ingawa ndani yake kilikuwa na tamko kwamba ni parodi na hakikuidhinishwa na wenye haki.

Hata kejeli ya kweli inaweza kushindwa ikichota kupita kiasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wachoraji waliojiita Air Pirates walitoa vijarida vilivyomwonyesha Mickey Mouse katika ngono na dawa za kulevya, wakikusudia kuicheka dunia safi ya Disney. Mwaka 1978 mahakama iliona wamenakili wahusika zaidi ya ilivyohitajika ili msomaji aelewe kinachochekwa. Somo kwa mtengenezaji wa gemu liko wazi: kuchora upya ni tofauti na kunyofoa picha, muziki na sauti moja kwa moja kutoka kwenye gemu ya kampuni. Kwa vitu vilivyonyofolewa hivyo, utetezi wa parodi ni mgumu mno.

Ngono peke yake haiamui suala la hakimiliki. Mwaka 1981 mahakama ya shirikisho katika jimbo la Georgia iliona kwamba jarida la Screw, lililowachora vikaragosi vya kampuni ya unga ya Pillsbury wakifanya ngono, lilikuwa ndani ya matumizi ya haki, ingawa lilionekana kuwa limefifisha alama za biashara za kampuni hiyo kinyume cha sheria ya jimbo. Mwaka huohuo mahakama ya rufani ya shirikisho iliyoko New York ilikataa utetezi wa wimbo uliotia maneno machafu katika muziki wa "Boogie Woogie Bugle Boy", kwa kuwa haukuukejeli wimbo wenyewe.

Kanusho lina kazi halisi katika alama za biashara. Huko swali kuu ni kama mnunuzi atadhani bidhaa imetoka kwa mwenye alama, hivyo maandishi yanayosema "si ya kampuni fulani" yanaweza kusaidia kiasi. Lakini hata hapo si ngao. Katika kesi ya Jack Daniel's ya mwaka 2023, kichezeo cha mbwa kilichoiga chupa ya pombe kilikuwa na maandishi ya kukana uhusiano, na bado Mahakama ya Juu ilikiondolea kinga maalumu ya kazi za sanaa kwa sababu jina la kejeli lilitumika kama alama ya kuuzia. Atakayeifanya parodi kuwa jina la gemu yake sokoni na ajiulize kuhusu hilo kabla ya kuchapisha nembo.

Kanusho linaweza pia kumgeuka mwenyewe. Anayeandika kwamba wahusika ni mali ya kampuni amekiri kwamba alijua. Marekani, kwa kazi iliyosajiliwa kwa wakati, fidia iliyowekwa na sheria ni kati ya dola 750 na 30,000 kwa kila kazi, na hufika 150,000 ukiukaji ukiwa wa makusudi. Kauli ya "hatufanyi biashara" nayo hudhoofika pale wafadhili wanapolipa kila mwezi ili wapate toleo jipya mapema.

Nje ya Marekani hali hutofautiana. Uingereza imekuwa na msamaha wa parodi tangu Oktoba 2014, na mwaka huohuo Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba parodi lazima ikumbushe kazi ya asili, itofautiane nayo kwa namna inayoonekana, na iwe ya ucheshi au kejeli. Japani, kitovu cha kazi za mashabiki, haina kifungu cha parodi. Wenye haki hufumba macho mara nyingi, lakini mwaka 1999 mahakama ya Tokyo iliipa Konami ushindi dhidi ya video ya ngono iliyotumia mhusika wa gemu ya Tokimeki Memorial. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 ina vigezo vinne vinavyofanana na vya Marekani. Kenya hutaja shughuli kama utafiti, matumizi binafsi, uhakiki na habari, na parodi haimo.

Kwa mkazi wa Afrika Mashariki, hakimiliki huenda isiwe hatari kubwa zaidi. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 kinakataza kuchapisha ponografia kupitia mfumo wa kompyuta. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo kisichopungua miaka saba, au vyote viwili. Hakuna msamaha wa parodi hapo. Vilevile, kuandika kwamba "wahusika wote wametimiza miaka 18" hakubadilishi kinachoonekana kwenye skrini: katika kosa la ponografia ya watoto, sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu makosa ya kompyuta humjumuisha hata mtu anayeonekana kuwa mtoto.

Mgogoro wenyewe kwa kawaida huanza kwa taarifa ya kuondoa inayopelekwa kwa jukwaa, nalo huishusha gemu bila kupima kejeli yake. Sheria ya Marekani humruhusu mtengenezaji kutoa taarifa ya kupinga, na jukwaa hurudisha kazi kati ya siku 10 na 14 za kazi iwapo mlalamikaji hajafungua kesi. Taarifa hiyo huhitaji jina halisi na anwani, hutolewa chini ya adhabu ya kiapo cha uongo, na aliye nje ya Marekani huwa amekubali kushtakiwa katika mahakama ya shirikisho ya huko. Kwa hiyo mkazi wa Mombasa au Mwanza hufanya vyema kumwona wakili kabla ya kutia saini, akiwa na gemu yenyewe mkononi, kwani humo ndimo utetezi wake, kama upo, utakapopatikana.