Nianze na siti au tairi?

SWALI: Husafiri kwa pikipiki ya cc 250 kutoka Dar es Salaam hadi Iringa, mke wangu akiwa nyuma. Mgongo na viganja vinaniuma. Fedha ni kidogo. Nibadilishe nini kwanza?

JIBU: Anza na tairi. Soma tarakimu 4 ubavuni: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23, mwaka 2019. Mpira uliozeeka hukakamaa na kuteleza kwenye lami yenye maji, hata kama kashata bado zipo.

Pili, badilisha mafuta ya breki kila baada ya miaka 2. Hunyonya unyevu, hivyo ukishuka mlima Kitonga ukiwa umeshika breki muda mrefu huweza kuchemka, breki ikakosa nguvu.

Maumivu yana tiba isiyo na gharama. Kaza springi ya shokapu ya nyuma mnapokuwa wawili. Legeza nati za usukani, uuzungushe mpaka viganja vinyooke na mikono, kisha ukaze vizuri.

Siti iwe ya mwisho. Chagua sponji ngumu kiasi. Laini mno hubonyea, ukakalia chuma.

Na mkeo asipande bila kofia ngumu iliyofungwa kamba kidevuni.