Kidonge cha Ujana na Mishipa ya Fahamu: Jua Kabla ya Kumeza

NMN ni nini?
Ni kemikali ya jamii ya vitamini B3 ambayo mwili huitengeneza wenyewe. Seli huigeuza kuwa NAD, inayohitajika ili chakula kitupe nguvu. Kwa kuwa NAD hupungua umri unaposogea, NMN huuzwa kwa ahadi ya kurudisha ujana.

Hofu kwamba NMN huharibu neva imetoka wapi?
Uzi wa neva unaotoka kiunoni hadi kidole cha mguu hufikia karibu mita 1. Ndani yake kimeng'enya NMNAT2 hugeuza NMN kuwa NAD. Kimeng'enya hiki huchakaa upesi na lazima kiletwe kingine kutoka kwenye kiwiliwili cha seli. Neva ikijeruhiwa, hakifiki: NMN hurundikana, NAD hupungua, na protini iitwayo SARM1 huamka. Hiyo huteketeza NAD iliyobaki, na uzi hukatika vipandevipande.

Sumu ya panya Vacor, iliyouzwa Marekani miaka ya 1970, ilituachia funzo. Watu walioimeza waliharibika neva na kupata kisukari. Mwaka 2021 watafiti walionesha kuwa Vacor ikiwa mwilini hugeuka kuwa kemikali inayofanana na NMN, nayo huiamsha SARM1.

Je, NMN inaua neva?
Haijathibitishwa. NMN si Vacor, na neva nzima huigeuza haraka kuwa NAD. Majaribio kwa watu, mengi ya wiki au miezi michache, hayajaonesha madhara hayo. Wasiwasi wetu ni kwa neva ambayo tayari inaugua, na kwa anayemeza miaka nenda miaka rudi.

Ufanye nini?
- Una kisukari, unatumia dawa za saratani, au una ganzi? Usianze NMN kabla ya kuzungumza na daktari.
- Soma lebo ya kila chupa unayotumia. Vitamini B6 ikizidi kwa muda mrefu huharibu neva; Ulaya, tangu 2023, kikomo kwa mtu mzima ni miligramu 12 kwa siku. Jumlisha kiasi cha chupa zote.
- Ukihisi ganzi, nyayo kuwaka moto au kuchomwachomwa kama sindano, acha vidonge vya NMN na vitamini, nenda kituo cha afya na chupa zako mkononi.

Ganzi ya leo isisubiri kesho: neva iliyokufa ni vigumu kuirudisha.