KUTEMBELEA MUJI WA PWANI: DAR ES SALAAM
(Somo kwa wanafunzi wa kalasi zote)



Mu jiografia tunajifunza majina ya bandari. Tunayaandika mu kaye, tunayajibu ku mitihani, kisha tunayasahau. Lakini watu mingi wa Likasi na Lubumbashi wanafika ku bahari kabisa, na wengi wao wanafika Dar es Salaam. Wengine wanaendesha makamyo ya shaba na kobalti. Wengine wanaenda kununua vitambaa ku Kariakoo, ao kufuata motokari yenye ilishuka mu meli. Wakirudia, ukiwauliza waliona nini, wanakutajia bei za vitu. Ile si mubaya, juu mafranga ya masomo ya watoto mingi inatoka mu safari zile. Lakini mutu anayefika pwani bila kujua ni nini ya kwao iko mule, amepita tu, hakutembelea muji.

Namna ya kutembelea tunaipata mu Matendo ya Mitume, sura ya 17. Paulo alikuwa Atene, anangojea wenzake. Hakuikala bure. Alizunguka mu muji, akaangalia fasi za ibada za watu, akasoma maandiko ya mazabahu moja. Nyuma ya pale akasema na wenyeji, na maneno yake akayaanzisha kwa kile alichokiona kwao. Aliangalia kwanza, kisha akasema. Tufanye vile.

1. KWA NINI DAR ES SALAAM?

Likasi iko kati ya bahari mbili. Ku magaribi, njia ya treni inapita Tenke, Kolwezi na Dilolo mpaka Lobito, mu Angola. Iliungana na njia ya Katanga mwaka 1931. Upande ule njo Frederick Arnot, mumisionere, alitokea: alianza safari Benguela, akafika Bunkeya kwa mfalme Msiri mu Februari 1886.

Ku mashariki ni Bahari ya Hindi. Msiri mwenyewe alitoka upande wa mashariki, mu Unyamwezi, mu Tanzania ya leo. Baba yake Kalasa alikuwa anakuja huku kutafuta shaba. Njia ile ya shaba, ya pembe za tembo na ya watumwa ilileta Kiswahili cha kwanza kwetu. Kisha kazi ya migodi ikakieneza mu miji. Mwisho wa Msiri pia ulitoka pwani. Kapiteni Stairs na watu wake waliondoka Bagamoyo mu Julai 1891, wakafika Bunkeya mu Desemba, na tarehe 20 ya mwezi ule Msiri akauawa.

Ku Lobito utaomba mutu wa kukutafsiria Kireno. Ku Dar es Salaam, Kiswahili chenye ulinyonya kwa mama yako kitakufikisha. Kwa hiyo tunachagua Dar es Salaam.

2. NJIA

Safari ni ya kilometa kama 2,000: Likasi, Lubumbashi, Kasumbalesa, kuvuka Zambia, kuingia Tanzania pa Tunduma. Toka Kapiri Mposhi kuna tena reli ya TAZARA, yenye Wachina walisaidia kujenga toka 1970 mpaka 1975. Urefu wake ni kilometa 1,860. Pasipoti na karatasi ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima.

Angalieni saa. Kwanza, Dar es Salaam wanatutangulia saa moja. Tena, wanahesabu saa toka kupambazuka: saa moja ya asubuhi kwao njo saba ya Kifaransa. Wakikuambia bisi inaondoka saa kumi na mbili asubuhi, usifike wakati jua liko juu ya kichwa. Itakuwa imeshaenda tangu kulipopambazuka.

3. UTAMADUNI

Uanze ku bandari. Pale palikuwa kijiji cha Mzizima. Mu miaka ya 1860 Majid, sultani wa Zanzibar, akaanza kujenga muji wake pale. Wajerumani wakaufanya muji mukuu mwaka 1891. Leo muji mukuu wa Tanzania ni Dodoma, lakini Dar es Salaam njo muji mukubwa kupita yote: hesabu ya mwaka 2022 ilikuta watu zaidi ya milioni 5.

Simama Kivukoni, uangalie meli. Mwaka 1921 Waingereza walikubali Wabelgiji wapate fasi yao mu bandari ile, na ingine Kigoma, juu ya kupitisha vitu vya Kongo. Waliiita Belbase. Kwa hiyo tangu zamani za babu zetu mali ya Kongo inapita pale. Mwanafunzi wa Likasi anayeona shaba ikipakiwa mu meli asiseme tu "ni mizigo". Ajiulize: inaenda wapi, nani anaiuza, na ni nini inarudia kwetu?

Kisha ingia mu Makumbusho ya Taifa. Wanaweka mule kichwa cha kiumbe wa zamani sana, chenye Mary Leakey alikipata Olduvai mwaka 1959. Ku barabara ya Bagamoyo kuna Kijiji cha Makumbusho: nyumba za makabila mbalimbali, kila moja imejengwa kwa desturi yake, na ngoma zinapigwa kwa wageni.

Ukipata siku moja zaidi, fika Bagamoyo, kilometa kama 70. Pale misafara ya toka bara ilikuwa inafikia. Mu Februari 1874 Chuma, Susi na wenzao walifika pale na maiti ya Livingstone, yenye waliibeba toka inchi ya Zambia ya leo, miezi mingi kwa miguu. Kila mara tunasikia jina la Livingstone. Majina ya waliombeba tuyajue pia. Kwa njia zile zile watumwa walitembezwa mpaka pwani, na wengine walikuwa watu wa kwetu. Waliouza walikuwa wageni, lakini wafalme wetu pia waliuza. Msiri alikuwa mumoja wao. Fasi ile mutu asipite akicheka.

Mu Dar es Salaam Wakristo na Waislamu wanaikala mulango kwa mulango. Kanisa la Kilutheri la Azania Front, lenye lilijengwa wakati wa Wajerumani, linaangalia bandari, na misikiti haiko mbali. Wewe Muprotestanti, usikie adhana kwa heshima, uvae nguo za kufunika mwili vizuri, na mu mwezi wa Ramadani usitafune mukate mu njia mbele ya watu wenye kufunga. Paulo hakutukana mazabahu ya Atene.

4. MICHEZO

Mu michezo tuko wenyeji nusu. Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye ulifunguliwa mwaka 2007, una fasi za watu 60,000. Timu kubwa ni Yanga, ya mwaka 1935, na Simba, ya 1936. TP Mazembe yetu wanaijua sana. Tarehe 28 Juni 2016 Mazembe ilishinda Yanga pale 1–0. Mu Aprili 2019 ilitoka sare na Simba 0–0, kisha Lubumbashi ikashinda 4–1. Lakini mu Februari 2023 Yanga ilitupiga 3–1 pale pale, na mu Januari 2025 tena 3–1. Tukihesabu, tuhesabu zote.

Wachezaji pia wanavuka mupaka. Mbwana Samatta alitoka Simba akaja Mazembe mwaka 2011. Mwaka 2015 alisaidia Mazembe kukamata kombe la mabingwa wa Afrika, na mu Januari 2016 akachaguliwa muchezaji bora kati ya wenye kucheza mu Afrika. Fiston Mayele, mutoto wa Kongo, alienda Yanga, na mwaka 2023 Yanga ikafika fainali ya kombe la Shirikisho, yeye akifunga magoli kupita wote. Watu wa Dar walimupenda Mayele sawa vile shiye tulimupenda Samatta. Ukiingia mu uwanja ule, shangilia yako bila kutukana. Kesho mutoto wa jirani anaweza kuvaa jezi yako.

5. MAPUMZIKO

Jumapili nyuma ya ibada, jamaa nyingi zinashuka Coco Beach. Wanakula mihogo ya kukaanga na pilipili, wanakunywa madafu, watoto wanacheza mu muchanga. Asubuhi ku soko la samaki la Feri, samaki wanauzwa kwa munada, ngalawa ziko pembeni. Kwa mashua unaweza kufika visiwa vya Bongoyo na Mbudya.

Lakini bahari si ziwa Tshangalele. Mayi ya Tshangalele inangojea mvua juu ya kupanda. Bahari inajaa na kupwa karibu mara mbili kila siku, kwa nguvu ya mwezi na jua. Asubuhi unatembea kwa miguu juu ya muchanga, na nyuma ya saa 6 fasi ile ile ina mayi ya kukupita. Mu kilo moja ya mayi ya bahari kuna karibu grama 35 za munyu. Usiogelee peke yako, na uulize wavuvi mbele ya kuingia.

Kwa muziki, tunakuta tena ndugu zetu. Orchestre Maquis du Zaïre ilitoka huku Katanga, ikafika Dar es Salaam mwanzo wa miaka ya 1970. Remmy Ongala, wa Kindu, alifika mwaka 1978, akaimba Kiswahili mpaka Watanzania wakamuita wao. Mu miaka yake ya mwisho aliimba nyimbo za Injili. Alikufa mwaka 2010.

6. LUGHA

Wengi wetu wanaona haya. Wanasema: "Kiswahili chetu kimeharibika, watatucheka." Wengine wanakasirika wakisahihishwa. Wote wawili wanapoteza. Kiswahili chetu kilitembea njia ndefu na kilichukua maneno mu njia, si aibu. Lakini mugeni ni wa kusikiliza. Mwangalie maneno haya:

Shiye tunasema bukari, wao, ugali.
Sombe: kisamvu.
Munyu: chumvi.
Mayi: maji.
Mafranga: pesa, ao hela.
Masomo (fasi ya kusomea): shule. Kwao "masomo" ni yale mwalimu anafundisha.
Kukamata: kuchukua. Kwao wanakamata mwizi. Ukisema "nilikamata kitabu cha rafiki", watauliza kilikosea nini!

Na salamu: ukikuta mukubwa, sema "Shikamoo." Atajibu "Marahaba." "Jambo" peke yake kwa muzee inaonekana sawa vile mutoto asiye na malezi.

MAULIZO

1. Taja vitu 3 vya Kongo ao watu 3 wa Kongo wenye walipita Dar es Salaam. Kila kimoja kiliacha nini?
2. Kwa nini mayi ya bahari inapanda na kushuka, na ya Tshangalele haifanyi vile?
3. Msiri aliuza watu, na yeye mwenyewe aliuawa na wageni. Mungeandika nini juu yake mu kitabu cha watoto? Mujadiliane mu kalasi.
4. Kazi ya nyumbani: tafuta mutu mumoja wa mutaa wako aliyefika Dar es Salaam. Usimuulize bei. Muulize aliona nini, alisikia neno gani jipya, na nani alimupokea. Andika ukurasa mumoja, umupe mwalimu wako wa Kiswahili.