Meza ya Ndege: Somo la Kuangalia kwa Darasa la Tatu

Muulize mtoto wa darasa la tatu shomoro ana rangi gani, naye atakujibu upesi kuwa ni kahawia. Muulize tena kama dume na jike hufanana, naye atanyamaza. Shomoro huyo amemwona upenuni tangu utotoni, lakini hajapata kumwangalia. Kuona na kuangalia ni mambo mawili, na ni wajibu wa mwalimu kumvusha mtoto kutoka jambo la kwanza hadi la pili. Meza ya ndege ni zana rahisi ya kazi hiyo, kwa kuwa humvuta ndege karibu na kumfanya atulie.

Kutengeneza meza

Tafuta ubao wenye urefu wa sentimita 60 na upana wa sentimita 40. Upigilie juu ya nguzo ya kimo cha mita moja na nusu. Zungushia kingo zake papi nyembamba ili nafaka isipeperuke, lakini acha nafasi pembeni ili maji ya mvua yatoke. Simika nguzo mahali panapoonekana kutoka dirishani, mbali kidogo na vichaka, paka asije akajificha humo. Chini ya nguzo weka kigae kipana chenye maji ya kimo cha vidole viwili.

Chakula kiwe konzi moja ya uwele, mtama au chenga za mchele kila asubuhi. Mzazi anaweza kuuliza kwa nini shule ilishe ndege hali watoto wana njaa. Swali hilo ni la haki. Kwa hiyo tumia chenga zilizobaki baada ya kupepeta, wala usiwaagize watoto nafaka kutoka nyumbani. Usiweke mabaki ya ugali wala samaki, maana hayo humwita kunguru. Kunguru aliyeletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ameenea pwani, na akishaizoea meza huwafukuza ndege wadogo.

Kuangalia na kuandika

Huenda siku za mwanzo asije ndege hata mmoja. Hapa ndipo somo lenyewe linapoanza. Watoto hupenda kumfurahisha mwalimu, na baadhi yao wataandika ndege ambao hawakuwaona. Waeleze kwamba neno “hakuna” ni jibu kamili, na kwamba daftari lenye “hakuna” ya kweli lina thamani kuliko lenye ndege kumi wa kubuni.

Ndege wakianza kuja, kila kikundi kiandike siku, saa, idadi, rangi, umbo la mdomo na namna ndege alivyokula. Jina lije mwisho. Mwalimu akilitaja mapema, macho ya watoto hufumba. Waache wagundue wenyewe kwamba shomoro dume ana weusi kooni na jike hana. Kwamba tetere hupenda kuokota punje zilizoanguka chini. Kwamba chozi, mwenye mdomo mwembamba uliopinda, hupita mezani bila kutua na kwenda kwenye maua. Kisha uliza: kwa nini? Kutokana na midomo hiyo darasa litafikia lenyewe uhusiano wa umbo na chakula.

Majina ya kilugha yapokewe yote. Ikiwa wewe hulijui jina, sema hulijui.

Mwenye manati

Katika kila darasa yumo mvulana mwenye manati mfukoni, naye mara nyingi ndiye awajuaye ndege kuliko mwalimu. Usimwaibishe. Mpe uongozi wa kikundi, ila weka sharti moja mbele ya darasa zima: ndege aliyekaribishwa kwa chakula ni mgeni, na mgeni hapigwi. Sharti hilo likivunjwa, meza itakuwa mtego, na shule itakuwa imefundisha hila badala ya sayansi.

Tahadhari

Meza isafishwe kila wiki na chakula kilichooza kitupwe, kwa sababu uchafu hueneza maradhi kati ya ndege. Isiwe karibu na banda la kuku, kwani ndege wa porini wanaweza kuleta mdondo. Isiwekwe jirani na shamba la mtama au mpunga unaokomaa. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kila baada ya kuhudumia meza, na wasiguse ndege aliyekufa.

Zoezi kwa mwalimu mwanafunzi

Kabla ya kuandika andalio la somo, keti peke yako mbele ya meza kwa nusu saa, asubuhi tatu mfululizo. Andika uliyoyaona tu. Utakapoona ilivyo vigumu kutoongeza neno, utakuwa tayari kumfundisha mtoto.