Ushauri Nasaha wa Kidhanaishi: Kumsikiliza Aliyepotelewa katika Delta ya Rufiji

Wakulima wa bonde na delta ya Rufiji hawayahesabu mafuriko kuwa adui. Maji ya mto yapandapo huacha tope lenye rutuba, nayo yashukapo hupandwa mazao ya mlau katika unyevu uliobaki. Kwa sababu hiyo mafuriko makubwa ya Aprili 2024, yaliyofunika makazi na mashamba katika wilaya za Rufiji na Kibiti, yaliwaachia watu jambo gumu kuliko hesabu ya magunia yaliyopotea: mto uliokuwa ukiwalisha ndio uliowapokonya. Mhudumu wa afya anayekutana na mtu wa namna hiyo aweza kumpima shinikizo la damu, akamwuliza habari za usingizi na hamu ya chakula, na bado asilifikie swali linalomkosesha raha. Hapo ndipo ushauri nasaha wa kidhanaishi unapoanzia.

Wasomaji wa fasihi wanalijua neno udhanaishi kupitia riwaya za Euphrase Kezilahabi, hususan Kichwamaji ya mwaka 1974. Katika tiba, falsafa hiyo ilifuata njia yake. Daktari Irvin Yalom wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1980, alitaja mambo manne ambayo hakuna binadamu anayeyakwepa: mauti, uhuru wa kuchagua pamoja na wajibu wake, upweke, na hofu kwamba maisha hayana maana. Mambo haya si maradhi. Mtu huugua anapotumia nguvu zake zote kuyakimbia, au yanapomwangukia yote kwa mara moja.

Kabla ya Yalom alikuwapo Viktor Frankl, daktari wa akili wa Vienna, aliyefungwa katika kambi za Wanazi tangu 1942 hadi 1945 na kupoteza mke, wazazi na ndugu. Frankl alifundisha kuwa maana hupatikana kwa njia tatu: katika kazi ambayo mtu huifanya, katika upendo na mambo mema anayoyaonja, na katika msimamo anaouchukua mbele ya mateso yasiyoepukika. Neno la mwisho hilo husahauliwa mno. Frankl mwenyewe alisisitiza kwamba mateso yanayoweza kuondolewa ni sharti yaondolewe kwanza. Kuyavumilia bila sababu si ushujaa. Basi mshauri anayekwenda kwa familia isiyo na chakula wala paa, akaanza kuwauliza juu ya maana ya maisha, amekosea zamu. Unga, dawa na chandarua hutangulia.

Chukulia mfano wa kubuni. Bibi wa miaka sitini na zaidi, ambaye kila msimu alikaa katika dungu akilinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe mwitu, amefika zahanati akilalamikia mwili kuchoka. Muuguzi kijana anamwamkia, "Shikamoo, bibi," naye anaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu." Baada ya vipimo bibi anasema, "Shamba limekuwa mchanga mtupu. Nimebaki kula cha wanangu." Wengi wangemjibu haraka kwamba ashukuru kuwa hai, au kwamba Mungu atampa jingine. Maneno hayo yana nia njema, lakini humfunga mdomo. Mshauri wa kidhanaishi huuliza: "Shamba lile, bibi, ulilipataje?" Kisha hunyamaza. Katika masimulizi huenda ikafahamika kwamba lilikuwa la mama yake, na kwamba wajukuu walikuwa wakija kwake wakati wa mavuno. Kilichozama si mpunga tu. Kimezama cheo chake cha kuwa mtu anayetoa. Hilo likishatajwa kwa kauli yake mwenyewe, ndipo huulizwa ni kipi kati ya vile anavyovijua, mbegu, majira, tabia za maji, ambacho hakikuwa katika udongo ule, na ni nani anayekihitaji. Bibi ana haki ya kujibu kwamba hakuna. Mshauri hamshurutishi kupata maana, wala hamtungii yake.

Suala la uhuru na wajibu lina uzito wa pekee hapa. Katika msimu huohuo wa 2024 maji yalifunguliwa kutoka Bwawa la Julius Nyerere, na mjadala ukazuka: je, ilikuwa mvua na kudra ya Mungu, au pia uamuzi wa wanadamu? Si kazi ya mshauri kuhukumu. Lakini asimhimize mteja (neno lenye harufu ya soko, ila ndilo linalotumika katika fani) kulipokea kwa saburi jambo ambalo anaona lapaswa kuulizwa katika mkutano wa kijiji. Kwa wazee swali hilo lina historia: baada ya mafuriko ya 1968 wakazi wengi wa bonde walihamishiwa vijiji vya nyanda za juu, nao waliendelea kushuka kulima mabondeni. Kurudi kwao kulikuwa uchaguzi, hata kama wataalamu waliuona kuwa ukaidi.

Upweke nao una sura yake Kibiti. Kati ya 2015 na 2017 viongozi wa vijiji, askari polisi na raia waliuawa katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Aprili 2017 pekee askari wanane waliuawa katika shambulio moja. Watu walijifunza kutosema mbele ya jirani. Wako pia waliopotea wasionekane tena, na jamaa zao hawana kaburi. Mke wa mtu kama huyo hajui kama akae eda au aendelee kungoja. Kumwambia "kubali yaishe" ni kumtaka amzike mtu kwa mdomo. Mshauri humsaidia kuishi na mambo mawili kwa pamoja, tumaini na msiba, na kuamua leo lipi lifanyike: ada ya mtoto, shamba, maombi. Siri yake ilindwe kuliko kawaida, maana katika kijiji kidogo hata kuonekana mlangoni pa mshauri ni habari.

Njia hii haitoshi kwa kila hali. Tafiti zimeonyesha manufaa hasa katika tiba zinazolenga maana kwa wagonjwa wa maradhi mazito kama saratani. Aina nyingine za tiba ya kidhanaishi zina ushahidi mdogo. Mwenye sonona kali, anayesikia sauti, au anayetamka kutaka kujiua apelekwe hospitali bila kungoja kikao kingine, wala asiachwe peke yake njiani.

Katika visiwa vya delta miadi haipangwi kwa kalenda ya ofisi. Mashua hufuata maji kupwa na kujaa, na wakati wa kulinda mpunga mteja huwa shambani wiki nyingi. Mshauri huuliza kwanza ni lini bamvua, kisha ndipo huandika tarehe.