HAKI YA MSITU NA YA ZIWA: JE, INATOSHA KUJAZA SUFURIA?

Somo letu la safari hii ni juu ya haki. Mtu akisha kupewa haki ya kutumia msitu ao ziwa, kitu gani kinafanya haki hiyo imlishe yeye na watoto wake? Neno hili linatugusa sisi wa Vitshumbi sana, kwa sababu kijiji chetu kinaishi kwa haki moja: haki ya kuvua.

1. Haki yetu ilitoka wapi?

Parki yetu iliundwa tarehe 21 Aprili 1925, ikaitwa Parc Albert kwa jina la mfalme wa Ubelgiji. Miaka iliyofuata mipaka ilipanuliwa mpaka ikafika ziwa Edouard. Tangu 1969 inaitwa Virunga. Ndani ya parki sheria inakataza kulima, kuwinda na kukata miti. Lakini vijiji vitatu vya wavuvi upande wa Kongo vilikubaliwa na sheria: Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma. Wakati wa ukoloni, mwishoni mwa miaka ya 1940, uliundwa ushirika wa wavuvi ulioitwa COPILE. Nyuma yake ukaja COPEVI. Pirogi zilihesabiwa, zikapewa namba.

Basi, tunayo haki ya maji, hatuna haki ya udongo. Unga wa bugali, sombe na maharagi vinatoka nje ya parki. Samaki wakikosa, hakuna shamba la kukimbilia. Njo maana watu husema: “Leta ilitupa ruhusa, sasa tutakula ruhusa?” Ulizo hilo ni la kweli, tusilicheke.

2. Ndugu zetu wa msitu

Nje ya parki kuna watu waliopata haki ya namna ingine. Sheria ya misitu ya Kongo ya tarehe 29 Agosti 2002, katika kifungu cha 22, inasema kwamba jamii inaweza kupewa msitu inaoumiliki kwa desturi. Watu walingoja miaka 12. Dekreti namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 ikaeleza njia: jamii inaandika ombi, gavana wa jimbo anatia sahihi, na msitu unaweza kufika hekta 50,000. Haki hiyo hailipiwi na haina mwisho wa miaka. Katika jimbo letu, jamii za Walikale ni kati ya zile zilizofuata njia hiyo. Tena sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki za ndugu zetu Wambuti na Batwa, ambao walijua msitu mbele yetu wote.

Lakini tuangalie vizuri. Karatasi ya gavana haipande muhogo. Haitengenezi barabara ya kufikisha ndizi sokoni. Agizo la waziri la mwaka 2016 linaomba jamii iwe na mkutano wa wote, kamati ya kuongoza, kamati ya kuchunguza, na baraza la wazee. Tena jamii iandike mpango: wapi tutalima, wapi tutakata miti, wapi hatutagusa. Kwa nini masharti mengi hivi? Kwa sababu haki ya watu wote bila utaratibu inakuwa mali ya mwenye nguvu.

3. Mfano wa mbali

Kule India sheria ya mwaka 2006 iliwapa watu wa makabila ya msituni haki juu ya mashamba waliyokuwa wakilima, mpaka hekta 4 kwa jamaa moja, na haki ya kijiji kizima juu ya msitu wake. Kijiji cha Mendha Lekha, katika jimbo la Maharashtra, kilipata haki ya msitu mwaka 2009. Je, maisha yakageuka siku hiyo? Hapana. Mianzi ilikuwa yao, lakini ofisi ya misitu ilikuwa bado inashika karatasi za kuisafirisha. Ni mwaka 2011 tu walipopewa vitabu vya karatasi hizo wenyewe. Kisha wakauza mianzi yao, na feza ikaingia katika sanduku la kijiji. Tunajifunza hivi: mwenye kushika njia ya soko anashika haki.

4. Tufanye hesabu

Turudi kwetu sasa. Hii ni hesabu ya mfano tu, si ya mtu fulani. Mvuvi anapata samaki 50 kwa usiku. Wavu na mafuta alikopa kwa mnunuzi, kwa hiyo analazimika kumuuzia yeye tu, kwa feranga 2,000 kila samaki. Anapata 100,000. Sokoni bei ni 3,000, angepata 150,000. Amepoteza 50,000 kwa usiku mmoja. Akivua usiku 12 kwa mwezi, amepoteza 600,000. Kama wavu mpya ni 300,000, basi kila mwezi analipa bei ya nyavu mbili, na bado wavu si wake!

Njia ya kutoka ni gani? Jamaa kadhaa waweke akiba pamoja, wanunue wavu wa kwanza, kisha wa pili, kwa zamu. Tena samaki mbichi hamngojei mtu. Mnunuzi anajua jua likipanda bei itashuka. Mwenye kukausha samaki anaweza kungoja bei nzuri. Lakini kukausha kwa moshi kunaomba kuni, na kuni za parki zimekatazwa. Njo maana kupanda miti nje ya parki ni sehemu ya somo hili. Mradi wa EcoMakala wa shirika WWF, ulioanza 2007, ulisaidia wakulima wa Kivu ya Kaskazini kupanda miti ya makala katika mashamba yao wenyewe. Ona namna mkulima wa kule juu na mvuvi wa huku chini wanavyohitajiana.

5. Haki inayojikula

Tilapia jike anatunza mayai yake ndani ya kinywa. Ukimvua wakati huo, umevua mama na watoto wake mara moja. Nyavu za macho madogo, na uvuvi katika maji mafupi ambapo samaki wanazaana, vinakula samaki wa mwaka ujao.

Viboko nao wana kazi. Wanakula majani usiku, na mavi yao yanalisha ziwa: vimelea vidogo vinaota, samaki wanapata chakula. Katika miaka ya 1970 parki ilikuwa na viboko karibu 29,000. Mwaka 2005 walibaki chini ya 1,000. Wengi waliuawa kwa bunduki, ju ya nyama na meno. Basi tusimtwike mvuvi mdogo lawama yote. Vita na watu wenye silaha vimeharibu mengi, na Leta ina kazi yake ya kulinda ziwa na watu wake. Lakini wavu wa macho madogo tunautupa sisi wenyewe.

Soma Kumbukumbu la Torati 22:6-7. Mwenye kuona kiota anaruhusiwa kuchukua makinda, lakini amwache mama aende. Mungu hakukataza kula. Aliweka mpaka ili kesho pia watu wale.

6. Na wanamama?

Wanaonunua, kukausha na kuuza samaki wengi wao ni mama zetu. Lakini mara nyingi ruhusa na namba ya pirogi vina jina la mwanaume. Akifa, mjane anabaki na nini? Soma Hesabu 27:1-8, habari za mabinti wa Selofehadi. Walisimama mbele ya Musa na wazee wakaomba fungu la baba yao, na Mungu akasema wanasema haki. Kikundi chochote cha wavuvi ao cha msitu kisichoandika majina ya wanamama kimeacha nusu ya wafanyakazi nje.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Taja tofauti tatu kati ya haki ya mvuvi wa Vitshumbi na haki ya jamii yenye msitu wa Walikale.
2. Rudia hesabu ya namba 4 kwa samaki 30 na usiku 15. Mvuvi amepoteza feranga ngapi?
3. Uliza nyumbani: wavu ni wa nani, bei ya samaki inapangwa na nani? Usiandike majina. Leta majibu darasani.
4. Kama kijiji kingefunga sehemu moja ya ziwa kwa miezi mitatu ili samaki wazae, jamaa maskini watakula nini wakati huo? Andika shauri lako kwa mistari kumi.