Nambari Ni Ile Ile, Je, Mwenyewe Ni Yule Yule?

Tuseme unamtumia shangazi yako shilingi 3,000 za mbolea. Nambari yake iko kwenye simu yako tangu zamani, kwa hivyo unachagua jina, unaandika kiasi, unaweka PIN, basi. Jioni shangazi anakupigia kwa laini nyingine: "Mbona kimya?" Kumbe ile laini aliiacha kitambo, na sasa imepewa mtu mwingine.

Usijilaumu sana. Hata kompyuta zimekuwa na shida hii, na jinsi ilivyorekebishwa ina somo kwetu.

Simu za Android hutumia kerneli ya Linux, yaani sehemu ya ndani kabisa inayosimamia kazi zote za simu. Kila programu inapoanza kazi, kerneli huipa nambari. Ukitaka programu ifungwe, kerneli hupeleka ishara kwa nambari hiyo. Ishara ya 15 ni ombi la upole: maliza unachofanya, ufunge. Ishara ya 9 haina mjadala, programu inakatwa hapo hapo.

Shida ni kwamba nambari hizi hutumika tena. Kwa miaka mingi, mpangilio wa kawaida wa Linux ulihesabu hadi 32,767, kisha ukarudi chini kutafuta zilizoachwa. Sasa, programu uliyoilenga ikijifunga yenyewe na nyingine ikapewa nambari yake kabla hujatuma ishara, ile ya 9 inaangukia isiyohusika. Kerneli yenyewe haijakosea hesabu. Imefuata nambari uliyoipa.

Rekebisho lilianza na Linux 5.1, Mei 2019. Badala ya kutegemea nambari tupu, anayetuma anaweza kushikilia kishikizo kilichofungwa kwa programu yenyewe. Programu hiyo ikiisha, kishikizo hakimfuati mrithi wa nambari. Ishara haiendi kokote, na aliyetuma anaambiwa kuna kosa. Afadhali isifike kuliko ifike pasipofaa.

Kwa pesa zako, kishikizo ni jina la mwenye laini. Kwa hivyo:

1. Jina likitokea kwenye skrini, lisome lote kabla ya kukamilisha. Hulitambui? Ghairi.
2. Kama hujamtumia mtu kwa muda mrefu, mpigie kwanza. Sauti yake utaijua.
3. Kama laini yake imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine, muulize jina hilo mapema, usikisie.
4. Ukibadilisha laini, waambie watu wako, na wafute ile ya zamani.
5. Umeshakosea? Wasiliana na huduma kwa wateja mara moja. Pesa zikishatolewa, kuzirudisha ni kazi ngumu.

Leo, kabla hujatuma chochote, pitia nambari ulizohifadhi. Ni ngapi ambazo bado una uhakika nazo?